Tango Lisilomhitaji Nyuki: Kulima Matango Yasiyo na Mbegu Nyuma ya Nyumba

Msimu wangu wa kwanza nilivuna matango yenye matumbo. Juu shingo nyembamba, chini yamefura kama balbu, na ukilipasua unakuta mbegu ngumu zimejipanga safu, kana kwamba sikulipia miche ya "bila mbegu". Mama Hajati, jirani yangu hapa Bombo, wilaya ya Luweero nchini Uganda, aliliangalia beseni zima akaniuliza, "Mwanangu, haya matango yako yana mimba?"

Nilicheka kwa aibu. Kesho yake nikapanda teksi hadi kwa aliyeniuzia miche, nikamgombeza mbele ya wateja wake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akauliza swali moja tu: "Jirani yako analima nini?"

Jirani, yaani Mama Hajati mwenyewe, alikuwa na mistari mitatu ya matango ya kawaida upande wa pili wa ua.

Tango la kawaida lina maua dume na maua jike, na nyuki ndiye mshenga. Asipopita, tunda halishiki. Hili lisilo na mbegu limezalishwa ili lisimhitaji mshenga: karibu maua yake yote ni jike, na kila ua huchanua likiwa na katango kadogo nyuma yake, nako hukua bila kuguswa na chavua. Lakini nyuki akitoka kwenye tango la kawaida, chavua ikiwa imemganda miguuni, akatua hapo, mimba inatunga. Mbegu zinajaa, kitako kinavimba. Mama Hajati hakuwa anatania. Alisema kweli tupu.

Basi katika bustani nyingine zote tunawaombea nyuki waje, na katika hii tunawafungia mlango. Ukilielewa hilo, yaliyobaki ni kazi ya mkono ambayo mtu yeyote mwenye subira anaiweza. Na usiwaogope maboga, matikiti wala mamumunya ya jirani. Chavua yake haitungi mimba kwenye tango. Anayeharibu ni tango mwenzake tu.

Tazama kalenda kabla ya kununua

Huku Uganda ya kati mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na wengi wetu tumezoea kupanda mawingu yanapokusanyika. Kwa mahindi na maharage, sawa. Kwa tango, mvua ya kila siku juu ya majani ni kuuita ukungu. Mimi huhamisha miche mwishoni mwa Mei, udongo ungali na unyevu, ili matunda yaje Juni na Julai jua likiwa limerudi. Awamu ya pili naihamisha mwishoni mwa Novemba. Ratiba hii inataka maji ya uhakika: tangi la mvua, kisima, au watoto wenye moyo na jerikeni.

Kutoka kuhamisha mche hadi tango la kwanza ni kama siku 35 hadi 45. Ukitaka matango ya futari, hesabu siku 40 kurudi nyuma kutoka mwanzo wa Ramadhani, kisha ongeza wiki moja kwa ajili ya mambo yasiyotarajiwa. Mwezi huo kila nyumba hapa Bombo inatafuta kachumbari ya kulia pilau.

Joto letu la nyuzi 17 hadi 28 linalifaa, kwa hiyo nyumba ya nailoni si lazima. Aliye Kabale, kwenye usiku wa baridi, atalihitaji paa la nailoni.

Kuchagua miche

Mbegu hizi ni za chotara, huuzwa kwa kuhesabiwa punje, na ni ghali. Nyumba ya watu wanane inatoshwa na mashina sita, hivyo sioni sababu ya kununua pakiti nzima. Nunua miche iliyooteshwa kwenye trei. Usipokijua kitalu cha karibu, ulizia kwenye maduka ya pembejeo. Pale Container Village, Kampala, wauza mbegu wengi wanawajua wanaootesha.

Mwombe muuzaji akuonyeshe pakiti ya mbegu alizootesha. Juu yake utafute alama ya F1, yaani chotara, na lile neno refu la kisayansi linaloanza na "partheno", yaani kuzaa bila chavua. Akikwambia pakiti imepotea, nawe potea.

Uamue pia unataka aina gani. Kuna ndefu ya sentimita 30 hadi 35, ile inayouzwa supamaketi ikiwa imevikwa nailoni, na kuna fupi ya sentimita 15 hadi 18. Ushauri wangu kwa anayeanza ni ile fupi. Huzaa mfululizo, haichagui sana, na tunda moja linaisha kwa mlo mmoja.

Mche mzuri una wiki mbili hadi tatu na majani ya kweli mawili au matatu, ukiyaacha yale mawili ya mwanzo ya mviringo. Shina liwe fupi na nene. Mrefu mwembamba unaoyumba ulilelewa kivulini. Uliotoa maua ungali kwenye trei umeshazeeka. Geuza jani uone chini, maana inzi weupe na vidukari hujificha huko. Mwisho, achomolewe mmoja mbele yako. Mizizi iwe myeupe na ishikilie udongo wake wote ukatoka mzima kama kikombe. Ikiwa kahawia, uage kwa heshima.

Kuisafirisha ni shughuli nyingine. Bodaboda imeua miche yangu mingi kuliko ugonjwa wowote, kwa sababu upepo wa barabarani hukausha na kuchana majani ndani ya dakika ishirini. Iweke ndani ya boksi refu kuliko miche yenyewe. Ukifika, usiipande siku hiyo. Iache nje siku nne au tano, mwanzo chini ya mti, kisha kwenye jua la asubuhi, mwishowe jua kamili, huku ukiinyweshea kidogo.

Tuta

Chagua mahali penye jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, pasipotuama maji, na ambapo msimu uliopita hapakuwa na tango, boga wala tikiti. Inua tuta la upana wa mita moja na kimo cha sentimita 20. Kila mita mbili za tuta zichanganyie debe la lita 20 la samadi iliyooza. Ya mbuzi ni nzuri sana. Ya kuku ni kali, tumia nusu yake, na iwe imekaa miezi miwili au mitatu. Namna ya kujua kama samadi imeiva ni kuingiza mkono katikati ya lundo: ukihisi joto, bado, ukisikia harufu ya kukata pua, bado kabisa.

Asiye na uwanja atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, mche mmoja kwa ndoo, wala asijaribu miwili.

Siku ya kuhamisha

Hapa ndipo nakuomba uende polepole. Mizizi ya tango si kama ya nyanya au kabichi, ambazo ukiziburuta bado zinakusamehe. Tango ukilikata mizizi hukaa wiki mbili limenuna, majani yamening'inia, na likija kuamka wenzake wameshafika kiunoni.

Subiri saa kumi jioni au siku ya mawingu. Nywesha trei nusu saa kabla, ili udongo ushikane. Chimba mashimo kwa kupishana katika mistari miwili, sentimita 45 hadi 50 kutoka shina hadi shina. Kila shimo litie kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya NPK 17:17:17, uifukie kwa udongo wa vidole viwili ili isiguse mizizi, kisha mimina maji na uyaache yanywewe.

Sasa usiuvute mche kwa shina. Bonyeza kijitundu cha trei kutoka chini kwa kidole gumba, mkono wa pili ukiwa umeupokea udongo wake. Uushushe shimoni wote mzima, uso wa udongo wa mche ulingane na uso wa tuta. Ukizamisha shina litaoza. Ukiacha mizizi juu itakauka. Jazia udongo pembeni kwa vidole viwili, usishindilie. Nusu lita ya maji polepole, basi.

Kwa siku tatu za mwanzo mimi huchomeka kipande cha jani la mgomba upande wa magharibi, kikiukinga mche na jua la mchana. Kisha nazungushia kila shina pete iliyokatwa kwenye chupa ya maji, imezama sentimita mbili ardhini. Bila hiyo sota, yule kiwavi mkata mashina, atapita usiku, na asubuhi utakuta shina limekatwa kama kwa wembe na mche umelala pembeni, majani bado mabichi.

Maliza kwa matandazo. Luweero hatukosi makapi ya kahawa. Tandaza tabaka la vidole vitatu, uache nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Nyasi kavu zinafaa pia, ila kwetu huleta mchwa. Na kama una kuku wa kienyeji, weka uzio leo hii kabla hujanawa mikono.

Neti ya kuwazuia nyuki

Kama hakuna tango la kawaida karibu, ruka sehemu hii. Lakini katika mji ambao kila ua una bustani, huwezi kuapa.

Baada ya yale matango yenye mimba nilifanya jaribio. Shina moja kati ya sita nililifunika kwa pazia la neti kuukuu, nikachuma matunda yote yaliyokuwepo kwenye mashina yote, nikangoja mapya. Baada ya siku kumi, lililofunikwa lilikuwa na matango manne yaliyonyooka kama rula. Matano ya nje yaliendelea kubeba mimba. Tangu hapo sijabishana na yule muuzaji, na nilirudi kumwomba radhi.

Simika nguzo nne zenye urefu wa mita mbili na nusu, funika kote kwa chandarua cha bustani au mapazia ya neti yaliyoshonwa pamoja, na chini uyafukie kwa udongo. Acha upande mmoja wa kufungua na kufunga kwa vibanio vya nguo. Neti ifungwe kabla ua la kwanza halijachanua, yaani kama wiki tatu baada ya kuhamisha. Vyandarua vya kulalia vyenye dawa viache kitandani. Ni kinga ya malaria, na dawa ile haina kazi juu ya kitu unachokula kibichi.

Njia isiyo na gharama ni kuzungumza na jirani. Msimu uliofuata nilimpelekea Mama Hajati miche minne ya aina yangu, akaipanda badala ya yake. Nyuki sasa wanapita kwetu sote wakiwa mikono mitupu.

Maua yakianza, kagua. Lenye katango kadogo nyuma ni jike. Ukiona vishada vya maua yenye vikonyo vyembamba visivyo na kitu, hayo ni dume. Moja moja yachume uyatupe. Yakiwa mengi kwenye kila shina, hapo kweli uliuziwa tango la kawaida, na safari ya teksi ni halali.

Kamba, kisu na moyo mgumu

Tango likitambaa chini huzaa, lakini matunda hupinda na kuoza ubavu. Funga waya au mti mlalo kwenye nguzo, kimo cha mita mbili, na kila shina ulishushie kamba. Chini usiikaze, acha kitanzi kinachopitisha kidole, kwa sababu shina litanenepa. Mimi hutumia kamba za sisali juu, na kitanzi cha chini natengeneza kwa byayi, zile nyuzi kavu za mgomba, maana hazikati shina. Kila siku mbili tatu zungusha ncha ya mche kwenye kamba, daima kwa upande uleule. Fanya hivyo mchana. Asubuhi shina limejaa maji na huvunjika kwa mlio unaouma rohoni.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliwezi. Katika pingili tano au sita za mwanzo, hadi usawa wa goti, ondoa maua yote na machipukizi yote. Ndiyo, pamoja na vile vitango vinavyokuchekea. Mche unaobeba mapema hudumaa, na tunda la chini litagusa udongo. Juu ya goti, acha tunda moja kila pingili kwa aina ndefu. Aina fupi inaweza kubeba mawili. Machipukizi ya pembeni yakate yakiwa na urefu wa kidole. Shina likifika kwenye waya, lipitishe juu, ncha uikate, uache matawi mawili yashuke kama mwavuli.

Vitango vingine vitageuka njano na kusinyaa vikiwa na urefu wa kidole. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipoona hivyo alikimbilia dawa ya kunyunyizia. Havikuwa na tundu wala doa. Mche hupunguza mzigo wenyewe pale unapoubebesha kupita kiasi. Chuma makubwa mapema, utaona unatulia.

Maji na chakula

Tango ni maji kwa asilimia 95 hivi, na maji ya kusuasua ndiyo huleta uchungu na kupinda. Mche mchanga unatosheka na nusu lita hadi lita moja kwa siku. Ukibeba matunda wakati wa jua, mpe lita mbili hadi tatu, kwa hiyo jerikeni moja ya lita 20 inanywesha mashina kama saba hadi kumi. Asubuhi, kwenye udongo, majani yabaki makavu.

Wiki tatu baada ya kuhamisha, zungushia kila shina kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya CAN, mbali na shina kwa kiganja, kisha nywesha. Matunda yakianza, kila wiki mbili nampa maji ya samadi: gunia la mavi ya mbuzi lililolowekwa kwenye pipa wiki mbili, kisha nikayazimua hadi rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Yamiminwe ardhini tu. Tunda hili huliwa bichi na ganda lake, usilirushie mavi.

Wanaokuja bila kualikwa

Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, ndio mwuaji wa wakati wa mvua. Majani hupata madoa ya manjano yenye pembe, yamezuiwa na mishipa, na asubuhi ukigeuza jani unaona vumbi la kijivu. Huenea haraka mno. Ondoa majani ya chini ili hewa ipite, na mvua zikikaza tumia dawa ya shaba kabla ugonjwa haujaingia, ukifuata kipimo cha lebo na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Ubwiri unga huja kiangazi, kama mtu amenyunyiza unga juu ya majani. Ukiuwahi, maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa kila wiki huupunguza.

Batobato, ile ya majani yenye mabaka ya kijani na njano yaliyokunjamana, haina dawa. Ng'oa, toa nje ya bustani, nawa mikono kabla ya kugusa mche mwingine. Inaletwa na vidukari, na neti inasaidia hapo pia.

Kwa inzi weupe kuna mtego wa bure. Kata vipande vya ile jerikeni ya njano ya mafuta ya kupikia iliyotoboka, vipake grisi, vining'inize usawa wa ncha za mimea. Rangi ya njano huwavuta, grisi huwanasa.

Inzi wa matunda hutoboa tango na kutaga ndani, utaona tone la utomvu na tunda likipinda pale. Usilitupe kwenye lundo la mboji. Litie ndani ya kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, funga, liache juani wiki nzima.

Kuchuma na kutunza

Kata kwa kisu asubuhi, uache kikonyo cha sentimita moja. Usivute. Ukianza, pita kila siku mbili, hata kama jikoni yamejaa, kwa kuwa tango lililosahaulika likazeeka huliambia shina kazi imekwisha. Ndani utaona vijimbegu vyeupe laini kama ute. Hayo ni maganda matupu, ndivyo yalivyo. Ule ufundi wa bibi zetu wa kukata ncha na kuisugua mpaka itoe povu ili uchungu utoke, hapa mara nyingi hauna kazi.

Ganda lake ni jembamba, hupoteza maji haraka. Kwenye friji liweke mlangoni au droo ya chini, maana chini ya nyuzi 10 hutoka mabaka ya majimaji. Bila friji, kitambaa kibichi na kikapu kivulini hutosha siku tatu. Na usiliweke karibu na bogoya zinazoiva. Hewa inayotoka kwenye ndizi hizo huligeuza njano haraka.

Baada ya wiki sita hadi nane za kuchuma shina huchoka. Ling'oe na mizizi yake. Lililokuwa na ugonjwa lichome, lililo safi na halikunyunyiziwa dawa wape mbuzi. Usirudishe tango hapo kwa misimu miwili mitatu. Nguzo na kamba ziache zilivyo: panda maharage ya kutambaa chini yake, yatazikuta ziko tayari.